Mguu umepinda, ngumi haifunguki: miaka miwili baada ya kiharusi, muda umepita?

Shikamooni wataalamu.

Mimi ni binti ninayemuuguza mama yangu hapa Isevya, Tabora mjini. Mama ana miaka 61. Alipata kiharusi miaka miwili na kidogo iliyopita, upande wa kulia ukapooza. Maneno yamerudi karibu yote, akili zake ni timamu, na akishikwa anasimama na kutembea hatua chache kwa mkongojo. Tatizo ni viungo. Mguu wa kulia umeelekea chini na kupinda kwa ndani, anakanyagia ukingo wa nje, na karibu na kidole kidogo pameota sugu nene iliyoanza kuchanika. Vidole vya mguu vimejikunja. Mkono ndio unaoniumiza zaidi: ngumi imejifunga, gumba limebanwa ndani, kucha zinamchoma kiganja, na nikijaribu kuifungua analia. Ndani pananuka.

Alipewa vidonge vya kulegeza misuli, baklofeni miligramu 10 mara tatu kwa siku. Anasinzia mchana kutwa na goti sasa linamkatikia, nataka nizitupe. Kaka anasema tumpeleke kwa mkandaji anayelainisha ugumu kwa maji ya moto na kuvuta kwa nguvu. Jirani naye kaniambia upasuaji wa viungo ni wa watoto, mtu mzima mifupa imeshakomaa. Mama mwenyewe hana makuu: anataka kuvaa kiatu aende misibani kama wenzake, na kiganja kipate maji anapotawadha. Je, muda umepita? Na akipasuliwa, mkono utafanya kazi tena?

Binti wa Isevya

*

Marahaba binti, na pole kwa kuuguza.

Muda haujapita. Kwa upasuaji wa kunyoosha viungo, miaka miwili ni wakati mzuri kuliko miezi miwili. Madaktari husubiri angalau miezi sita baada ya kiharusi, na mwaka au zaidi kwa aliyeumia kichwa, kwa sababu katika kipindi hicho ubongo bado unarudisha baadhi ya nguvu na picha inabadilika. Ukikata kano leo, kisha msuli wa upande wa pili ukaamka kesho, mguu utapindia upande mwingine. Mama yako ameshavuka hapo. Jirani amekosea: kinachoshikilia mguu wa mama kwa sehemu kubwa ni misuli na kano, na hivyo hurefushwa katika umri wowote. Mifupa huguswa pale tu kiungo chenyewe kimeshaganda, na hilo litaonekana kwenye eksirei.

Kuhusu mkono, tukueleze wazi ili usije ukauza shamba kwa matumaini yasiyokuwepo. Upasuaji unarefusha kano, hautengenezi ubongo. Kama leo vidole havisogei kabisa mama anapojaribu kwa hiari yake, havitasogea baada ya upasuaji. Ila kiganja kinachofunguka kikaoshwa na kukaushwa ni sababu kamili ya kutibu, na daktari wa mifupa anayejua kazi hii hataidharau. Yale mawili anayoyataka mama, kiatu na udhu, yaandike kwenye karatasi uende nayo hospitalini. Matibabu huchaguliwa kwa kuangalia kiungo kinatakiwa kifanye nini. Ukifika na swali la "atapona?" utarudi na jibu la jumla.

Kwanza jua unapambana na kitu gani, maana katika mguu wa mama kuna mambo mawili yaliyochanganyika. Moja ni mkazo: ubongo umepoteza breki, msuli unajikaza wenyewe. La pili ni kufupika: msuli uliokaa umekunjwa miezi mingi umepungua urefu na kugeuka mgumu kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani. Mkazo hutibika kwa dawa na sindano. Kufupika hakusikii dawa yoyote. Hapo ni hogo (plasta ngumu, P.O.P) au kisu.

Unaweza kupata dokezo ukiwa nyumbani. Mama akiwa amelala usingizi mzito, gusa mkono wake taratibu. Vidole vikiwa vimelegea na kufunguka sehemu kubwa, tatizo kubwa ni mkazo. Vikiwa vimejifunga vilevile, vimeshafupika. Kwa mguu, mlaze chali, shika kisigino kwenye kiganja chako, nyayo iegemee mkono wako, kisha sukuma juu polepole sana. Fanya hivyo goti likiwa limenyooka, halafu likiwa limekunjwa. Mguu ukipanda vizuri goti likiwa limekunjwa tu, uliofupika ni msuli wa juu wa kigimbi, unaoanzia nyuma juu ya goti. Mguu usipopanda kwa namna zote mbili, kigimbi chote na kano ya kisigino vimefupika, au kifundo chenyewe kimeganda. Kumbuka kusukuma kutoka kisiginoni. Wengi husukuma sehemu ya mbele ya mguu, nyayo inavunjika katikati na kubinuka, kwa macho inaonekana umefanikiwa, kumbe kisigino kiko palepale.

Sasa ule mkono, maana huo hausubiri miadi. Usianze kwa kuvuta vidole. Mketishe, mkono ukae juu ya mto, kiwiko kimekunjwa kidogo, asubiri dakika chache atulie. Kisha kunja kifundo cha mkono kielekee upande wa kiganja, yaani kizidishe pale kilipokwisha kupinda. Unaona ajabu, lakini kano za kukunja vidole hupita juu ya kifundo hicho. Kikikunjwa zinalegea na ngumi inaachia yenyewe. Baada ya hapo toa gumba, ukilishika kwenye nyama ya shina lake, kamwe usivute ncha. Gumba likitoka, vidole vingine hufuata kimoja kimoja, navyo uvishike karibu na kiganja. Ukivuta vidole huku kifundo kimenyooka, unashindana na kano zilizokaza kotekote. Ndiyo maana analia, na viungo vidogo vya vidole vinaweza kuteguka.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha mpaka katikati ya vidole, kila siku. Maji yapime kwa mkono wake wa kushoto au kwa kiwiko chako, kwa kuwa upande wa kulia huenda hausikii joto sawasawa. Kata kucha kila wiki na uzisugue kwa tupa ya kucha zisiwe na ncha. Ngozi ikiwa nyeupe, imelowa na inawasha, hiyo huenda ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne hutosha, ila haitafaa kitu kama kiganja kinabaki na unyevu. Halafu tengeneza bunda la kitambaa cha pamba, siku za kwanza liwe nene kama kidole gumba chako, uliongeze kadiri kiganja kinavyokubali. Upande mnene ukae kwenye kidole kidogo, mwembamba kwenye gumba. Mpira laini wa kubonyeza, ambao watu hupenda kuuletea wagonjwa kama zawadi, hapa haufai: vidole vinauponda, na jasho linabaki pale pale. Ukiona usaha, uvimbe unaopanda kuelekea mkono wa juu, au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Baklofeni usiitupe. Ikisimamishwa ghafla inaweza kuleta degedege, kuona vitu visivyokuwepo, homa, na mkazo unaorudi kwa nguvu kuliko awali. Mrudie daktari aipunguze kwa hatua, kwa kawaida wiki moja hadi mbili au zaidi. Dozi ya kuanzia huwa miligramu 5 mara tatu kwa siku, ikapandishwa kila baada ya siku tatu kwa kuangalia mgonjwa anavyoichukua. Mwombe pia kipimo cha figo. Dawa hii hutolewa na figo, na mtu mwenye presha ya siku nyingi huenda figo zake zimechoka, ndipo kipimo kidogo kinamlewesha. Goti kukatika nalo lina maelezo yake: kidonge hakichagui msuli. Kinalegeza mkono uliokuwa unataka ulegee na kulegeza pia goti ambalo ule mkazo ndio uliokuwa unamsimamisha. Kwa mgonjwa ambaye tatizo lake liko sehemu mbili tu, mkono na mguu, kidonge cha mwili mzima mara nyingi kinachukua zaidi ya kinachotoa.

Kabla ya kuongeza dawa yoyote, tafuta kinachouchokoza mkazo. Choo kigumu, UTI, kucha iliyoota ndani ya nyama, kidonda, kiatu kinachobana, hata baridi ya alfajiri ya mwezi wa saba: vyote hivi hukaza misuli ya mtu wa kiharusi hata kama yeye hasikii maumivu. Ile sugu inayochanika inaweza kuwa mojawapo. Usiikate kwa wembe. Iloweke, isugue kwa jiwe la kusugulia miguu, paka mafuta, na upasuko ufungwe kwa bendeji safi. Apimwe sukari kama hajapimwa.

Mwambie kaka aachane na yule mkandaji. Mifupa ya upande uliopooza hupungua uimara kwa kutotumika, na kuvuta kwa nguvu kunaweza kuivunja. Maji ya moto kwenye ngozi isiyosikia huunguza mpaka nyama. Na kigimbi kikivimba ghafla, chenye joto, upande mmoja, huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Kukikanda kunaweza kuing'oa ikaenda kwenye mapafu, na hapo ni suala la uhai. Kukanda kwa mafuta kwa mkono mwepesi hakuna ubaya, kunamliwaza. Hakurefushi msuli lakini. Hata mazoezi ya kunyoosha ya dakika chache kwa siku, ambayo sisi wataalamu tumeyahimiza kwa miaka, tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha hayarudishi urefu uliokwisha kupotea. Yaendelee kwa ajili ya usafi na kumpunguzia mama ugumu wa asubuhi. Chenye faida zaidi ni kusimama: nusu saa kwa siku, kisigino kimegusa chini au kimewekewa kipande cha ubao kujaza pengo, meza imara mbele yake, wewe nyuma.

Hospitalini, anza na idara ya fiziotherapia ya Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Watakachopima ni kilekile ulichopima wewe, ila kwa nyuzi za pembe. Wakitaka kutenganisha mkazo na kufupika bila kubahatisha, daktari anaweza kuchoma ganzi ya lidokaini kwenye mshipa wa fahamu nyuma ya goti. Kwa muda wa saa moja au zaidi mkazo wa kigimbi unazimika, na ugumu unaobaki ndio wa kutibiwa kwa hogo au upasuaji. Ni kipimo rahisi, na kinaweza kumwonyesha mama mwenyewe mguu utakavyokuwa kabla hajakubali lolote. Uliza.

Mkazo ukiwa ndio mkubwa, kuna sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza msuli, inayochomwa ndani ya misuli husika. Huanza kufanya kazi ndani ya siku chache hadi wiki mbili na hudumu kama miezi mitatu, kisha hurudiwa. Ni ghali, inahitaji kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na usitarajie kuikuta kila hospitali, hivyo piga simu kwanza. Fenoli, dawa nyingine inayochomwa kwenye mshipa wa fahamu, ni nafuu na hudumu zaidi, ila inataka mkono wa mzoefu kwa sababu inaweza kuacha maumivu makali ya ngozi ikigusa mshipa unaopeleka hisia.

Kufupika kukiwa kwa kiasi kidogo, hujaribiwa hogo za mfululizo: mguu unafungwa ukiwa umenyooshwa mpaka pale unapokubali bila kulazimishwa, baada ya wiki moja unafunguliwa, unasogezwa nyuzi chache, unafungwa tena, mara tatu hadi tano. Kosa la kawaida ni haraka ya kutaka kumaliza kwa hogo mbili. Ngozi ya mama haimwambii inapobanwa, hivyo macho yako ndiyo kengele: vidole vikiwa baridi, vya bluu au vimevimba, au hogo likianza kunuka, halingoji kesho.

Kwa maelezo yako, mguu unaokanyagia ukingo kwa zaidi ya mwaka, tunadhani utaishia kwenye upasuaji, na kwa maoni yetu hilo si jambo la kuogopa. Kano ya kisigino hurefushwa kwa vitundu vitatu vidogo vya kisu, kila kimoja kikikata nusu ya upana wake, vikipishana. Kifundo kinaposukumwa juu nyuzinyuzi za kano zinateleza na kano inarefuka bila kukatika. Kinachopindisha mguu kwa ndani mara nyingi ni kano iliyo mbele ya kifundo. Nusu yake hutengwa na kuhamishiwa ukingo wa nje ili ivute kwa usawa. Jambo moja ulikumbushe mwenyewe: vidole. Kano zake hupita nyuma ya kifundo, mguu ukipandishwa zinakaza zaidi, na vidole vilivyojikunja kidogo vitajikunja kabisa ndani ya kiatu. Kano za vidole hivyo zisipokatwa siku hiyohiyo, mama atarudi chumba cha upasuaji kwa jambo lililoweza kumalizwa mara moja. Mwombe daktari pia asirefushe kupita kiasi. Kigimbi kilicholegea sana humfanya mtu atembee kwa kisigino huku goti likianguka mbele, na kurekebisha hilo ni kugumu kuliko tatizo la mwanzo.

Kwa mkono usiosogea kwa hiari, operesheni kubwa ni kukata kano za juu na za chini za vidole kwa urefu tofauti kisha kuziunganisha upya, ngumi inapata nafasi ya kufunguka. Kama moyo au presha ya mama haviruhusu nusu kaputi, ipo njia fupi: ganzi ya pale pale, na kano zinakatwa kupitia ngozi kwa sindano nene, mama akarudi nyumbani siku hiyo. Baada ya hapo vidole havishiki tena kitu, milele. Kama kuna kidole hata kimoja anachokitumia kubania khanga au kushika mkoba, sema kabla.

Presha iwe imedhibitiwa kwanza, kidonda cha sugu kiwe kimefunga, na kama anatumia aspirini asiiache kwa ushauri wa mtu mwingine yeyote zaidi ya daktari wa upasuaji na wa ganzi.

Baada ya upasuaji wa mguu, hogo wiki sita, na wengi huruhusiwa kukanyaga ndani ya muda huo. Likitolewa, kazi haijaisha. Mkazo bado upo, utaanza kuvuta tena usiku wa kwanza, na tatizo linalorudi ndani ya mwaka mara nyingi ni la mgonjwa aliyetoka bila kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo. Kipimwe mapema na mtaalamu wa viungo bandia, wale wanaofundishwa chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi na sehemu nyingine, kiwe tayari siku hogo linapotolewa. Avae juu ya soksi ya pamba, saa moja siku ya kwanza, aongeze taratibu. Kila akivua, tazama ngozi: wekundu unaofifia ndani ya nusu saa hauna neno, unaokaa zaidi unamaanisha plastiki ichongwe. Kiatu kiwe cha kufunga, namba moja zaidi ya anayovaa. Ndala zitamwangusha.

Kifaa hicho pia hakitamruhusu kuchuchumaa. Kama choo chenu ni cha shimo, mwambie fundi seremala atoboe kiti imara chenye mikono miwili, kimo chake sawa na kipimo kutoka nyuma ya goti la mama hadi chini ya kiatu. Kifanyeni kabla ya upasuaji, si baada.

Kitete wakisema kazi hii inawazidi, omba rufaa ya maandishi, maana bila hiyo bima inaweza kukataa huko mbele. Ulizia kwa simu hospitali ya Nkinga kule Igunga kwa kuwa ni karibu, kisha Bugando Mwanza au MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar es Salaam. Maswali ni matatu: kama wanafanya upasuaji wa kano kwa watu wazima wenye kiharusi, kama kifaa cha plastiki kinatengenezwa hapohapo, na mgonjwa atatakiwa kurudi mara ngapi, ili nauli zote ziingie kwenye hesabu. Asiye na bima aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza kabisa, kabla ya kupewa kitanda. Nenda na kadi ya kliniki ya presha kama anayo, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, picha za simu za mguu akiwa amesimama, mbele na nyuma, na ile karatasi ya kiatu na udhu.

Wataalamu wa safu